Mzazi Anapoishi na Ugonjwa wa Kudumu: Msaada Ulioko Kliniki na Nyumbani

Ugonjwa wa kudumu ni ule usiokwisha kwa dozi moja ya dawa wala kwa wiki moja ya kulazwa. Kisukari, shinikizo la damu, virusi vya UKIMWI (VVU), pumu, kifafa, selimundu na maradhi ya figo ni baadhi ya magonjwa hayo. Mgonjwa hupewa dawa, akapata nafuu na kurudi kazini, lakini ugonjwa hubaki naye na kumdai uangalizi kila siku. Mgonjwa huyo akiwa mzazi, haudai kwake peke yake. Unadai pia kwenye karo, kwenye chakula, kwenye muda wa shamba na kwenye usingizi wa watoto.

Katika Kitale na Bungoma, na vijiji vilivyo kati ya miji hiyo miwili, kuna wazazi wengi wanaolea watoto huku wakitumia dawa za maisha. Wengi wao hawajui kwamba mhudumu wa afya anaweza kuwasaidia katika mambo mengine zaidi ya kuandika dawa: jinsi ya kuwaambia watoto, jinsi ya kupanga ujauzito, jinsi ya kupunguza safari za kliniki, na la kufanya moyo unapochoka. Somo hili linaeleza msaada huo, anayeutoa, na jinsi mzazi anavyoweza kuuomba.

Kwa nini mzazi ni mgonjwa wa namna yake

Chukua mfano wa mama anayeuza mboga sokoni Chwele na ambaye ana kisukari. Asubuhi huamka kabla ya jogoo, akawatayarisha watoto kwenda shule, akachukua mzigo wake na kutoka bila kula. Dawa zake zinapaswa kumezwa pamoja na chakula, kwa hiyo anaziacha mpaka jioni. Jioni chakula ni kidogo, naye huwapa watoto kwanza. Siku ya kliniki ikiangukia siku ya soko, soko ndilo linaloshinda, kwa kuwa bila mauzo ya siku hiyo nyumba haina unga.

Au chukua mfano wa baba mwenye shinikizo la damu anayelima mahindi karibu na Kiminini. Msimu wa kupanda na kupalilia hana nafasi. Hasikii maumivu yoyote, kwa hiyo anaona dawa zinaweza kungoja hadi mavuno. Shinikizo la damu halingoji. Mara nyingi halina dalili, na wengine hulijua siku wanapopooza upande mmoja wa mwili.

Wazazi hawa wawili si wavivu wala si wakaidi. Kila mmoja amechagua watoto badala yake mwenyewe, kama wazazi wengi wanavyofanya. Hapo ndipo pana kosa la hesabu. Mzazi aliyeacha dawa ili aokoe nauli ya leo anaweza kuigharimu familia ng'ombe au shamba kesho, na mtoto mkubwa akalazimika kuacha masomo ili amuuguze. Kwa mzazi, kumeza dawa ni sehemu ya kulea, sawa na kununua sare ya shule.

Kwa sababu hiyo, mhudumu wa afya anahitaji kujua zaidi ya namba iliyo kwenye kipimo. Mzazi anashauriwa kumweleza bila kuona haya: ana watoto wangapi, nani huwatunza akilazwa, hula saa ngapi, hutumia nauli kiasi gani, na msimu gani huwa na kazi nyingi. Mhudumu akijua hayo, anaweza kubadilisha saa ya dawa, kuchagua dawa inayomezwa mara moja kwa siku, au kupanga tarehe ya kliniki isiyogongana na siku ya soko. Mgonjwa aliyetulia na anayeendelea vyema anaweza pia kupewa dawa za miezi kadhaa kwa mara moja. Katika kliniki za VVU utaratibu huu umezoeleka, na wengi hurudi kila baada ya miezi mitatu au sita badala ya kila mwezi.

Nani anafanya kazi gani

Mzazi anapofika hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Kitale au Bungoma, au hospitali ya Webuye, hukutana na wataalamu mbalimbali. Kujua kazi ya kila mmoja humsaidia kuuliza swali mahali pake.

Daktari au afisa wa kliniki hupima, hutambua ugonjwa na huchagua dawa. Huyu ndiye wa kuulizwa kama dawa zinafaa kwa anayetarajia kushika mimba, na kama dalili mpya inatokana na ugonjwa au na dawa yenyewe.

Muuguzi ndiye anayekaa na mgonjwa kwa muda mrefu zaidi. Hufundisha jinsi ya kudunga insulini, kutunza vidonda vya miguu na kupanga uzazi.

Mfamasia hueleza dawa inamezwa vipi, inahifadhiwa wapi na ipi isichanganywe na nyingine. Mzazi anayetumia pia dawa za mitishamba anapaswa kumwambia mfamasia ukweli. Hatagombezwa, na baadhi ya mitishamba huongeza au hupunguza nguvu ya dawa za hospitali.

Mtaalamu wa lishe husaidia familia kula chakula kimoja. Mgonjwa wa kisukari hahitaji sufuria yake peke yake. Ugali mdogo, sukuma wiki, mrenda, managu au kunde kwa wingi, maharagwe au omena, na chai isiyo na sukari, ni chakula kinachoweza kuwafaa watu wengi wa nyumba hiyo. Chumvi ikipunguzwa kwa ajili ya baba mwenye presha, watoto nao hufaidika.

Mshauri nasaha husikiliza. Yeye humsaidia mzazi kuikubali hali yake, kupanga jinsi ya kumwambia mwenzi au watoto, na kupambana na unyanyapaa. Afisa wa ustawi wa jamii hufuatilia mambo yaliyo nje ya tiba: mtoto asiyekwenda shule, familia isiyo na chakula, mgonjwa aliyefukuzwa nyumbani.

Kijijini yuko mhamasishaji wa afya ya jamii. Mnamo Septemba 2023 serikali ya kitaifa ilizindua mpango wa wahamasishaji 100,000 kote nchini na kuwapa mikoba yenye vifaa, ikiwemo mashine ya kupima shinikizo la damu na kipima sukari. Mhamasishaji hutembelea nyumba alizopangiwa, hivyo mzazi anaweza kupimwa presha au sukari bila kupanda bodaboda. Kazi yake ni kupima, kukumbusha na kuelekeza. Habadilishi dawa. Kipimo kikiwa kibaya, humwandikia mgonjwa rufaa kwenda kituo cha afya.

Ni vyema kila mzazi azijue namba zake mwenyewe. Kwa mtu mzima, shinikizo la damu linalofika 140/90 au zaidi katika vipimo vya siku tofauti huhesabiwa kuwa la juu. Sukari ya damu inayofika 7.0 kabla ya kula asubuhi ni ishara ya kisukari, na inapaswa kuthibitishwa hospitalini. Namba hizi ziandikwe kwenye daftari moja linalobebwa kila safari ya kliniki.

Ujauzito na kunyonyesha

Wanawake wengi wenye magonjwa ya kudumu wamewahi kuambiwa na jirani au jamaa kwamba hawapaswi kuzaa. Kwa wengi wao hilo si kweli. Kilicho kweli ni kwamba ujauzito unahitaji kupangwa, na mazungumzo na daktari yanapaswa kuanza kabla ya kushika mimba.

Baadhi ya dawa za shinikizo la damu, kama enalapril na losartan, zinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Daktari huzibadilisha kwa nyingine, kama methyldopa. Dawa ya kifafa iitwayo valproate ina hatari kubwa kwa mtoto aliye tumboni, kwa hiyo mwanamke aliye katika umri wa kuzaa na anayeitumia anapaswa kuzungumza na daktari mapema. Asiiache ghafla, kwa maana kifafa kisichodhibitiwa ni hatari kwa mama na kwa mtoto pia. Mwenye kisukari hushauriwa kuidhibiti sukari kabla ya mimba, kwa sababu viungo vya mtoto huumbika katika wiki za kwanza, pengine kabla mama hajajua kwamba ni mjamzito.

Kwa mama mwenye VVU, mabadiliko ya miaka ya karibuni ni makubwa. Bila matibabu, uwezekano wa mtoto kuambukizwa wakati wa ujauzito, kujifungua na kunyonyeshwa ni kati ya asilimia 15 na 45. Kwa matibabu yanayofuatwa vizuri, uwezekano huo hushuka chini ya asilimia 5. Mama humeza dawa zake kila siku, na mtoto hupewa dawa za kinga baada ya kuzaliwa. Mama hunyonyesha maziwa yake pekee kwa miezi 6, kisha huongeza chakula kingine huku akiendelea kunyonyesha na kumeza dawa. Mtoto hupimwa akiwa na wiki 6, miezi 6, miezi 12, na tena akiwa na miezi 18. Kuruka kipimo kimoja ni kumnyima mtoto nafasi ya kuanza matibabu mapema ikiwa atakuwa ameambukizwa.

Katika kliniki nyingi wako pia mama washauri. Hawa ni wanawake wenye VVU waliopitia safari hiyo na kujifungua watoto wasio na virusi. Mama mjamzito aliyepata majibu asubuhi hiyo anaweza kuketi na mwenzake aliyewahi kuketi kwenye benchi hilo hilo. Maneno ya mtu kama huyo huingia moyoni kwa namna ambayo kijitabu hakiwezi.

Kuwaambia watoto

Wazazi wengi huficha ugonjwa wao. Vidonge huwekwa ndani ya kopo la unga au chini ya godoro. Sababu inaeleweka: mzazi hataki mtoto aogope, wala hataki siri itoke hadi shuleni. Lakini watoto huona. Huona mama amepungua, huona baba ameacha sukari kwenye chai, husikia minong'ono ya usiku. Asipopewa ukweli, mtoto hujitungia wake, na mara nyingi huwa mbaya kuliko ugonjwa wenyewe. Wapo watoto wanaodhani wao ndio waliomletea mzazi ugonjwa kwa utundu wao.

Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu VVU unaosema kwamba watoto wa umri wa kwenda shule wanapaswa kuambiwa hali yao, na pia hali ya wazazi au walezi wao. Watoto wadogo zaidi huambiwa kidogo kidogo, kulingana na uwezo wao wa kuelewa. Kanuni hiyo inafaa pia kwa kisukari, kifafa na magonjwa mengine.

Washauri nasaha huwasaidia wazazi kuipanga siku hiyo kwa hatua. Kwanza, mzazi mwenyewe awe ameikubali hali yake, kwa sababu mtoto husoma uso kabla ya kusikia neno. Pili, achague wakati wa utulivu, si wakati wa ugomvi wala usiku wa kuamkia mtihani. Tatu, aanze kwa kuuliza: "Umewahi kuniona nikimeza dawa. Unafikiri ni za nini?" Jibu la mtoto litaonyesha anajua kiasi gani. Nne, aseme maneno machache na ya kweli. Kwa mtoto wa miaka mitano yatosha kusikia, "Mama ana ugonjwa, dawa hizi zinamsaidia awe na nguvu." Kwa mwenye miaka kumi na miwili, jina la ugonjwa, jinsi unavyoambukizwa au usivyoambukizwa, na jinsi unavyotibiwa, yote yanaweza kuelezwa. Tano, amwambie mtoto mambo matatu waziwazi: si kosa lake, ataendelea kutunzwa, na anaweza kuuliza wakati wowote.

Mazungumzo haya hayaishi kwa siku moja. Mtoto atanyamaza leo, kisha aulize swali zito wiki tatu baadaye wakichambua mboga. Mzazi asiye na jibu anaweza kusema, "Twende tukamuulize muuguzi pamoja." Hilo nalo ni jibu.

Katika nchi jirani ya Uganda, mwishoni mwa miaka ya 1990, chama cha wanawake wanaoishi na VVU kiitwacho NACWOLA kiliwafundisha akina mama kuandika vitabu vya kumbukumbu kwa ajili ya watoto wao. Mama aliandika asili ya ukoo, siku mtoto alipozaliwa, alichopenda kula, na ndugu wa kutegemewa. Wengi waligundua kwamba kitabu kiliwafungulia mlango wa kuzungumza na watoto kuhusu ugonjwa. Dawa za leo zimerefusha maisha, na mzazi mwenye VVU anayezifuata anaweza kutarajia kuwaona wajukuu. Hata hivyo daftari kama hilo bado lina faida katika nyumba yoyote, kwa sababu huandikwa humo pia jina la atakayewaangalia watoto mzazi akilazwa, pamoja na mahali zilipo stakabadhi za kuzaliwa.

Watoto wajue la kufanya

Mara nyingi mtoto ndiye aliye karibu mzazi anapozidiwa. Muuguzi anaweza kumfundisha, na mzazi akarudia naye nyumbani. Haya ndiyo ya msingi.

Mzazi mwenye kisukari akitetemeka, akitoka jasho jingi, akichanganyikiwa au akiwa mkali ghafla, huenda sukari yake imeshuka. Akiwa anaweza kumeza, apewe mara moja vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji kidogo, au soda yenye sukari, kisha ale chakula akishapata nafuu. Asipopata nafuu baada ya dakika 15, arudiwe. Akiwa amepoteza fahamu, asitiwe chochote mdomoni. Aitwe mtu mzima, apelekwe hospitali.

Mzazi mwenye kifafa akianguka na kutingishika, aondolewe karibu na moto na vitu vigumu, awekewe nguo laini chini ya kichwa, na mtingishiko ukiisha alazwe ubavu. Asiwekewe kijiko wala kidole mdomoni, na asizuiliwe kwa nguvu. Mtingishiko ukipita dakika 5, au ukirudi kabla hajazinduka, huo ni wakati wa hospitali. Familia yenye mgonjwa wa kifafa inashauriwa kuinua jiko au kuweka kizuizi kuzunguka mafiga, kwa maana moto wa jikoni umewaunguza wengi.

Mzazi mwenye presha ambaye mdomo wake umekwenda upande, mkono umelegea au maneno yamevurugika, anaweza kuwa amepatwa na kiharusi. Hapaswi kungoja asubuhi. Kila saa inayopita huharibu sehemu nyingine ya ubongo.

Mtoto anapaswa kujua mahali dawa zilipo, jina la ugonjwa, jirani wa kukimbiliwa na namba ya simu ya mhamasishaji wa afya. Lakini hapaswi kugeuzwa muuguzi wa nyumba. Mtoto anayekosa shule kila wiki ili amtunze mzazi amebebeshwa mzigo usio wake, na afisa wa ustawi wa jamii au mwalimu mkuu anapaswa kujulishwa. Namba 116, ambayo hupigwa bila malipo, ni ya kuwasaidia watoto walio katika shida.

Vikundi vya wagonjwa: funzo la magharibi mwa Kenya

Eneo hili la magharibi lina historia ndefu ya kujaribu njia mpya za kuwasaidia wagonjwa. Mwaka 2001, Chuo Kikuu cha Moi, hospitali ya rufaa ya Moi mjini Eldoret na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani vilianzisha mpango unaojulikana leo kama AMPATH, ambao kliniki zake zilienea hadi Kitale, Webuye na kwingineko. Mapema wahudumu waligundua kwamba mgonjwa mwenye njaa hawezi kupata nguvu kwa dawa pekee, ndipo mpango huo ukaanza kulima mashamba ili kuwalisha wagonjwa na familia zao.

Baadaye wazo la chama, ambalo akina mama wa eneo hili wamelijua tangu zamani, liliingizwa katika matibabu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, karibu watu 2,900 wa magharibi mwa Kenya wenye kisukari au walio katika hatari ya kukipata, na wenye presha ya juu, waligawanywa katika makundi manne. Baadhi walipata huduma ya kawaida, wengine walikutana na mhudumu wa afya kwa vikundi, wengine walijiunga na vikundi vya kuweka akiba, na wengine wakapata vyote viwili. Shinikizo la damu lilishuka katika makundi yote, na lilishuka zaidi kwa waliokutana na kuweka akiba pamoja kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida. Katika Kaunti ya Trans Nzoia, vikundi vya akina mama wajawazito na wenye watoto wachanga vinavyoongozwa na wahudumu wa afya ya jamii navyo vimefanyiwa utafiti, na vikaonyesha kwamba mafunzo ya afya na akiba vinaweza kukaa katika mkutano mmoja.

Sababu si ngumu kuielewa. Katika kikundi, mgonjwa hupimwa, hupata dawa na hujifunza kwa siku moja. Akikosa kufika, kuna mtu atakayeuliza yuko wapi. Akikosa nauli, anaweza kukopa kwenye akiba. Na anaposikia mwenzake akisema kwamba naye aliwahi kuacha dawa akaishia kulazwa, hujifunza bila kuaibishwa.

Wazazi wanaotaka kuanza kikundi wanaweza kumwomba mhamasishaji wa afya au muuguzi wa zahanati awasaidie. Watu kumi hadi ishirini wanatosha. Kanuni ya kwanza iwe kutunza siri: la kikundini hubaki kikundini.

Gharama na SHA

Umaskini ni sababu mojawapo kubwa ya wazazi kuacha dawa. Dawa za VVU na za kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya umma. Kwa magonjwa mengine, ni muhimu kila familia ijisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Usajili hufanywa kwa kupiga *147# au kwa msaada wa mhamasishaji wa afya.

Mkaazi aliyesajiliwa anahudumiwa bila malipo katika zahanati na vituo vya afya vya ngazi ya 2 na 3 vilivyo na mkataba na SHA, kupitia mfuko wa huduma za msingi. Ili kuhudumiwa katika hospitali za ngazi ya juu, familia inapaswa kuwa imelipa mchango wake. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, na asiye na mshahara hukadiriwa kulingana na hali ya nyumba yake, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi. Upo pia mfuko wa tatu, wa dharura na magonjwa sugu, uliowekwa ili kusaidia pale bima ya kawaida inapofikia kikomo. Mzazi mwenye ugonjwa wa kudumu asingoje hadi alazwe ndipo ajisajili, na ahakikishe kwamba watoto wake wameandikishwa kama wategemezi.

Dawa zikikosekana katika kituo, mgonjwa asirudi nyumbani kimya. Amuulize mfamasia ni kituo gani cha karibu kinazo, na kama kuna dawa nyingine ya aina hiyo hiyo. Wenye insulini na wasio na friji wanaweza kuihifadhi ndani ya chungu cha udongo kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa, katikati kukiwa na mchanga unaoloweshwa maji kila siku. Chungu kiwekwe kivulini penye hewa. Njia hii hupunguza joto bila umeme.

Moyo nao huugua

Mzazi anayeishi na ugonjwa kwa miaka anaweza kuchoka. Kukosa usingizi, kulia bila sababu, kutopenda tena mambo aliyoyafurahia, hasira kwa watoto, au kuona kwamba familia ingekuwa heri bila yeye, ni dalili za sonona. Sonona ni ugonjwa unaotibika. Pia humfanya mgonjwa aache dawa zake nyingine, kwa hiyo kuitibu ni kutibu yote. Mwanamume aliyefundishwa kwamba dume halilii anaweza kuificha ndani ya pombe, na jamaa wanapaswa kuliona hilo mapema. Mhudumu anapouliza, "Na moyo uko vipi?" mzazi asijibu "salama" kwa mazoea tu. Na mhudumu asipouliza, mzazi aseme mwenyewe. Mawazo ya kujiua ni dharura kama kiharusi.

Imani husaidia wengi kubeba mzigo huu, na wahudumu wa afya hawaipingi. Maombi na dawa huenda pamoja. Viongozi wa dini wanaombwa wasimwambie muumini atupe dawa baada ya kuombewa. Kama amepona, kipimo cha hospitali kitaonyesha hivyo, na daktari ndiye atakayemwachisha dawa.

Siri na haki

Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2006 inakataza kutoa habari za VVU za mtu bila idhini yake, ila katika hali chache zilizotajwa na sheria yenyewe. Inakataza pia kumfukuza mtu kazini, au kumnyima mtoto nafasi shuleni, kwa sababu ya hali hiyo. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazipa habari za afya za kila mtu ulinzi wa pekee. Mzazi ana haki ya kuzungumza na mhudumu faraghani. Akiona mazungumzo yanasikika kwenye foleni, anaweza kuomba chumba. Akitendewa isivyo haki, amwone msimamizi wa kituo, kisha idara ya afya ya kaunti.

Haki huenda na wajibu. Mzazi anapaswa kufika siku aliyopewa au kupiga simu mapema, kusema ukweli kuhusu dawa alizoruka, na kuwaheshimu wahudumu wanaowahudumia wengi kwa siku.

Maswali ya kujadiliwa nyumbani, kikundini au barazani

1. Je, watu wazima wote wa nyumba hii wamepimwa shinikizo la damu na sukari mwaka huu?

2. Mzazi akilazwa usiku wa leo, nani atakaa na watoto, na je, mtu huyo anajua?

3. Watoto wanajua nini kuhusu ugonjwa wa mzazi, na walikijua kutoka kwa nani?

4. Ni jambo gani humzuia mzazi kufika kliniki: nauli, kazi, aibu au foleni? Mhudumu wa afya ameelezwa?

5. Kijiji hiki kina kikundi cha wagonjwa? Kama hakina, ni watu gani watatu wanaoweza kukianzisha?

Anayetaka msaada zaidi aanze kwa mhamasishaji wa afya wa kijiji chake au zahanati iliyo karibu, akiwa na daftari lake la vipimo na dawa zote anazozitumia.